Ajali za mabomba: Uchunguzi usiishie kwa kuhesabu maiti

GESI asilia haina rangi wala harufu. Vivyo hivyo gesi ya kupikia inayouzwa kwa mitungi. Uvundo ule mkali, mithili ya kabeji iliyooza, ambao mama wa nyumba mtaani Manyatta huusikia anaposahau kufunga mtungi vyema, umetiwa humo makusudi ili pua itambue hatari ambayo jicho haliwezi kuiona.

Asili ya uvundo huo ni msiba. Mnamo Machi 18, 1937, shule moja katika mji mdogo wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani, ililipuka dakika chache kabla ya wanafunzi kwenda nyumbani. Watu takriban 300, wengi wao watoto, waliangamia. Wasimamizi wa shule walikuwa wameacha kununua gesi na badala yake wakajiunganishia bomba la gesi ya mabaki kutoka visima vya mafuta vya jirani, ili kupunguza gharama. Gesi ilivuja ikajikusanya chini ya sakafu bila mtu kuishuku, hadi cheche ya swichi ya mashine ya kusugulia mbao ilipoifikia.

Wachunguzi wangeweza kumlaumu aliyewasha mashine na kufunga faili. Hawakufanya hivyo. Waliuliza ni kwa nini mamia ya watu walikaa juu ya gesi kwa muda huo wote bila kujua. Katika muda wa miezi michache tu, Texas ilikuwa na sheria ya kulazimisha gesi itiwe harufu, na desturi hiyo ikaenea ulimwenguni kote. Kila mara mkazi wa Manyatta anaposikia uvundo huo na kukimbilia kufungua dirisha kabla ya kugusa swichi ya taa, anaokolewa na uchunguzi uliofanywa karibu miaka 90 iliyopita, mbali kabisa na Ziwa Victoria.

Kisa hicho kinafaa kutafakariwa Kisumu leo kwa sababu jiji hilo linazidi kuwa kitovu cha mafuta na gesi katika eneo la ziwa. Bomba la mafuta limekuwa likifika huko kutoka Sinendet tangu miaka ya 1990, na mwaka wa 2016 Kampuni ya Bomba la Mafuta nchini (KPC) ilianza kutumia bomba la pili lenye kipenyo cha inchi 10 na urefu wa kilomita 122. Gati la mafuta la Kisumu, lililonuiwa kupakia meli zinazoelekea Uganda, lilikamilika mwaka wa 2018. Malori ya mafuta yanayopanda kuelekea Kakamega hupitia Kondele, hatua chache kutoka Manyatta.

Ndani ya Manyatta kwenyewe mabadiliko yamekuwa ya kimyakimya. Serikali ilipotoza mafuta taa ada ya Sh18 kwa kila lita mnamo Septemba 2018, kwa nia ya kukomesha uchanganyaji wa mafuta hayo na dizeli, stovu nyingi zilianza kupoa na mitungi ya kilo 6 ikachukua nafasi yake. Ni jambo la kheri kwa mapafu ya akina mama na watoto. Lakini mtungi umeingia katika ploti zenye vyumba vilivyobanana, ambamo kitanda, jiko na mlango wa pekee viko hatua tatu tatu. Tena, baada ya kanuni za mwaka wa 2019 kufutilia mbali utaratibu wa kampuni kubadilishana mitungi, wajazaji wa vichochoroni wamekuwa wakijaza mtungi wa yeyote bila idhini ya mwenyewe. Mwenye chapa ndiye anayetakiwa kupima vali na kuta za mtungi wake. Mjazaji wa kichochoroni hana habari na hayo.

Hapa yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo hata vyombo vya habari huyachanganya. Gesi ya mitungi ni propani na butani, nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka, hutambaa sakafuni, huingia mtaroni na kusafiri humo kama maji. Lita moja yake ikiwa majimaji hufura na kuwa zaidi ya lita 200 za gesi. Gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, ni nyepesi, hupaa. Hatari yake kuu haimo katika mtaro bali katika shinikizo kubwa inamosafirishwa ndani ya bomba. Kenya haina bado bomba la kusafirishia gesi asilia kutoka jimbo hadi jimbo. Tanzania inayo: la Songo Songo hadi Dar es Salaam tangu mwaka wa 2004, na la Mtwara hadi Dar es Salaam lililozinduliwa mwaka wa 2015. Mnamo Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano ya kujenga bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, siku ya mtu iliyoandikwa. Mwandishi huyu, ambaye amepitisha mikononi mwake habari nyingi za mikasa ya moto, hana ugomvi na imani ya mtu yeyote. Hata hivyo, kazi ya mchunguzi huanza pale anapokataa, kwa muda wa kazi yake, kulikubali neno hilo. Kwake yeye bomba halipasuki kwa sababu siku yake imefika. Lilipasuka mahali fulani, saa fulani, likiwa na shinikizo la kiasi fulani, na kila moja ya hayo lina sababu inayoweza kutafutwa.

Mfano unaofundishwa zaidi ni wa San Bruno, kitongoji kilicho kusini mwa San Francisco. Jioni ya Septemba 9, 2010, bomba la gesi asilia la inchi 30 lililozikwa chini ya barabara ya mtaa lilipasuka. Kipande cha chuma cha urefu wa mita 8 na zaidi kilirushwa umbali wa mita 30. Watu 8 walikufa na nyumba 38 zikateketea.

Uchunguzi ulichukuliwa na Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Uchukuzi (NTSB), taasisi ambayo haitoi leseni kwa mtu, haitozi faini wala haimshtaki yeyote. Kazi yake ni kueleza kilichotokea na kupendekeza. Jambo la kwanza lilikuwa kukilinda chuma. Kile kipande kilichorushwa, pamoja na ncha mbili za bomba zilizobaki ardhini, vilisafirishwa hadi maabara, vikapimwa na kutazamwa kwa hadubini. Ndipo siri ilipofichuka. Rekodi za kampuni ya Pacific Gas and Electric zilisema bomba la mahali hapo halikuwa na mshono. Ukweli ni kwamba mwaka wa 1956 mafundi walikuwa wameunganisha hapo vipande vifupi vya chuma, na baadhi ya mishono hiyo haikuchomelewa upande wa ndani. Ufa uliozaliwa siku hiyo ulikua polepole kwa miaka 54.

Kwa nini haukuonekana? Kwa sababu kanuni za mwaka wa 1970 ziliyasamehe mabomba ya zamani kupimwa kwa shinikizo la maji, kipimo ambacho kingeupasua mshono huo bomba likiwa bila gesi ndani. Uchunguzi haukuishia hapo. Ulisoma kumbukumbu za chumba cha kuongozea mitambo dakika baada ya dakika na kugundua kwamba gesi iliendelea kuulisha moto kwa dakika 95, kwa kuwa vali zilikuwa za kufungwa kwa mkono na watu wenye funguo walikuwa mbali. Wazimamoto wa mji huo, ambao kituo chao kilikuwa karibu, hawakuwa wakijua kwamba bomba kubwa la gesi lilipita chini ya mtaa wao. Hayo yote yamo katika ripoti ambayo mtu yeyote, hata akiwa Kondele, aweza kuisoma kwenye intaneti.

Yaliyofuata yalikuja kwa mwendo wa kobe. Kampuni ilitozwa dola bilioni 1.6 mwaka wa 2015, na mwaka uliofuata mahakama ikaipata na hatia, likiwemo kosa la kuwatatiza wachunguzi. Kanuni ya kulazimisha mabomba mapya makubwa yawe na vali zinazoweza kufungwa haraka kutoka mbali ilitoka mwaka wa 2022. Miaka 12! Hata hivyo ilitoka, na ilitoka kwa sababu zile dakika 95 zilikuwa zimeandikwa mahali.

Ripoti ya San Bruno ilipitishwa Agosti 30, 2011. Siku 13 baadaye, asubuhi ya Jumatatu Septemba 12, mtaa wa mabanda wa Sinai jijini Nairobi uliwaka. Petroli ilikuwa imevuja katika mitambo ya KPC, ikaingia katika mtaro wa maji ya mvua na kuteremka katikati ya nyumba hadi mtoni. Wakazi walitoka na ndoo na mitungi ya plastiki kuchota. Zaidi ya watu 100 waliangamia, wengine wakijitupa mtoni wakiwa wanawaka.

Kampuni ilieleza wakati huo kwamba mpira wa kuzibia kiungo cha vali ulishindwa kuhimili shinikizo. Mjadala wa taifa, hata hivyo, uliegemea mambo mengine: nani aliyetupa kipande cha sigara, na kwa nini watu walijenga juu ya ardhi ya bomba ilhali walikuwa wametakiwa kuhama. Maswali hayo yana uzito wake. Lakini mchunguzi wa San Bruno angeanzia kwingine. Mpira ule ulifungwa lini, na nani aliukagua mara ya mwisho? Ni dakika ngapi zilipita kati ya kuvuja na kuzimwa kwa pampu? Kwa nini mtaro wa bohari ya mafuta ulimiminika kwenye makazi ya watu bila kizuizi kinachoweza kufungwa? Nani alikuwa na wajibu wa kuwapigia wakazi king'ora?

Cheche hupatikana kila mahali. Katika mtaa wenye majiko elfu kadhaa, kuitafuta ni kama kutafuta tone lililomwagika kwanza katika mvua. Kinachoweza kurekebishwa ni yale yaliyotangulia cheche.

Vilevile tumezoea kusema kwamba tamaa ndiyo iliyowaua. Ilisemwa Sachangwan, karibu na Molo, ambako lori la mafuta lilianguka Januari 31, 2009 na zaidi ya watu 110 wakafa. Ilisemwa pia karibu na Manyatta, huko Malanga, kaunti ya Siaya, usiku wa Julai 17, 2021, wakati lori la petroli lilipogongana na gari jingine kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia na watu 13 wakateketea. Ikiwa sababu ni tamaa, basi hakuna la kuchunguza, maana tamaa haina vali. Lakini watu wanaochota petroli kwa galoni wanafanya hivyo kwa saa nzima au zaidi kabla ya moto. Katika saa hiyo ndimo mlimo na kazi ya mchunguzi: polisi walifika saa ngapi, walikuwa wangapi, walikuwa na kamba ya kuzingira eneo, na kikosi cha zimamoto kilitoka wapi?

Tatizo la Kenya si uhaba wa wachunguzi. Pengine ni wingi wao. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ya kupikia ilipolipuka katika eneo la Mradi, Embakasi, na kuua watu kadhaa na kujeruhi zaidi ya 200, kila asasi ilikuwa na la kusema. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilisema ilikataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo mara tatu, mwezi Machi, Juni na Julai 2023, moja ya sababu ikiwa msongamano wa makazi. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilikiri kwamba leseni ilitolewa kinyume cha utaratibu, na maafisa wake 4 wakasimamishwa kazi. Rais William Ruto akaagiza waliotoa leseni wafutwe na kushtakiwa.

Msomaji atagundua kwamba kila asasi ilikuwa ikijieleza yenyewe. EPRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019, ndiyo inayotoa leseni, ndiyo inayokagua, na ndiyo inayotarajiwa kutueleza ukaguzi ulikwama wapi. Hata ikiwa na maafisa waadilifu kupindukia, hiyo ni sawa na kumwomba mwalimu ausahihishe mtihani alioufanya mwenyewe. Na pale tishio la kushtakiwa linapotangulia maelezo, mwenye kujua jambo hufunga kinywa na kumtafuta wakili.

Mfumo tofauti tunao, tena hapa hapa nchini. Ajali za ndege huchunguzwa na idara maalumu katika Wizara ya Uchukuzi, iliyotengwa na mamlaka inayotoa leseni za urubani. Kiambatisho cha 13 cha mkataba wa kimataifa wa usafiri wa ndege kinaeleza kwamba lengo la pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine. Kugawa lawama ni kazi ya mahakama. Ufuoni mwa ziwa hili hili, ndege ya Precision Air ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba, Tanzania, Novemba 6, 2022 na watu 19 wakafariki, ripoti ya awali ilikuwa imetoka kabla ya mwezi kwisha. Ilisema waziwazi kwamba kuchelewa kwa waokoaji kuligharimu maisha. Haikuwa habari ya kufurahisha serikali, lakini ilichapishwa. Kwa nini abiria wa ndege astahili maelezo ya namna hiyo, na mpangaji anayelala kando ya bomba asistahili?

Kuna somo jingine ambalo Kisumu ingelisikiliza mapema, hasa sasa ambapo barabara zake zinapanuliwa na mabomba ya maji kuzikwa upya. Asubuhi ya Julai 30, 2004, huko Ghislenghien nchini Ubelgiji, bomba la gesi la shinikizo kubwa lilipasuka katika eneo la viwanda na kuua watu 24, wakiwemo wazimamoto waliokuwa wameitwa baada ya harufu kusikika. Wachunguzi walikuta kwenye chuma mikwaruzo ya meno ya mashine. Mashine ya ujenzi ilikuwa imelijeruhi bomba hilo kitambo, likavumilia, hadi shinikizo lilipoongezwa siku hiyo. Aliyelikwaruza aliendelea na kazi zake na jeraha likafukiwa kwa udongo.

Vijana wanaochimba mitaro kwa sururu na waendeshaji wa tingatinga katika kaunti zetu hulipwa kwa urefu wa mtaro. Iwapo mmoja wao atagusa bomba, ana sababu gani ya kusema? Wenzetu wa usafiri wa ndege wana utaratibu wa kupokea taarifa za makosa yaliyonusurika bila kumwadhibu anayetoa taarifa. Mwaka mmoja wa taarifa kama hizo kutoka kwa wachimbaji ungetufundisha mengi kuliko tume kumi za baada ya mazishi.

Manyatta nako taarifa zipo, ila hazina pa kupelekwa. Wenye maduka wanazijua vali zinazovuja. Wenye nyumba wanajua ni kichochoro kipi hujaziwa mitungi usiku. Mitaro ya mtaa huo huteremka kuelekea Mto Auji, na mto huo huelekea ziwani, njia ile ile ambayo petroli au gesi nzito ingefuata. Ramani inayoonyesha mitaro, bohari, njia za malori na mabomba kwa pamoja ingepaswa kuwa ukutani katika kituo cha zimamoto cha kaunti, ili yasirudiwe ya San Bruno, ambako wazimamoto walijifunza jiografia ya mtaa wao moto ukiwa umeshawaka.

Thamani ya kuwasikiliza wakazi ilidhihirika Thange, kaunti ya Makueni. Mnamo Mei 2015, ni wenyeji walioona mafuta yakielea katika maji ya mto wao, yakiwa yamevuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi ambalo lilikuwa limetumika tangu mwaka wa 1978. Wahandisi huwa na kifaa wanachokipitisha ndani ya bomba kupima unene wa chuma na kutafuta kutu, kifaa ambacho mafundi wa Kizungu, kwa sababu zao, hukiita nguruwe. Nguruwe huyo anapopita, matokeo yake hubaki katika kompyuta za kampuni. Wakazi wa Thange walilazimika kwenda mahakamani, na ilikuwa Julai 2025, miaka 10 baadaye, ambapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliiamuru KPC kulipa Sh3.8 bilioni kwa fidia na usafishaji.

Kesi huamua nani alipe. Haimlazimishi mtu kueleza ni sehemu gani nyingine za bomba hilo zilizokuwa na kutu ya aina hiyo, wala ni nani atakayezichimbua.

Makubaliano ya mwaka wa 2021 kati ya Nairobi na Dodoma yanahusu bomba la takriban kilomita 600 litakalovuka mpaka. Likipasuka upande mmoja, vali ya karibu yaweza kuwa upande wa pili. Kabla mita ya kwanza haijazikwa, mkataba wa ujenzi unapaswa kutaja ni taasisi gani itakayochunguza, kwa muda gani ripoti itachapishwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na kile kipande cha chuma kitakachookotwa kitahifadhiwa katika maabara gani, chini ya ufunguo wa mtu asiyekuwa mwajiriwa wa kampuni wala wa mamlaka iliyoipa leseni.